Ulimi wa Dhahabu

Kila siku saa saba mchana, wanaume wa baa ya Puri, mjini Zaragoza, Hispania, hunyamaza kumsikiliza mwonjaji mstaafu wa kiwanda cha bia. Puri humfungulia makopo matatu ya bia ya bei poa, la Madrid, la Barcelona na la kwao, akamimina kwa mpangilio uleule, huku kampa mgongo ili asione. Mzee hunusa kila glasi mara mbili, husukutua, hufumba macho, kisha hukumu yake hutoka kwa sauti ya padri: ya kwanza maji, ya pili bati, ya tatu yetu. “Ulimi wa dhahabu huo!” hupiga kelele kina Fermín, wateja wa kila siku.

Leo dukani kulikuwa na bia ya Madrid tu. Puri akajaza glasi zote kwa hiyo hiyo, kicheko kimembana. Mzee akanusa, akasukutua, akafumba macho. “Maji. Bati. Na hii… hii ndiyo yetu!” Kelele zikapanda. Puri alipogeuka kumcheka, mzee akauona uso wake, akamshika mkono.

“Mwanangu,” akanong’ona, “tangu ile homa ya mwaka juzi sisikii ladha wala harufu. Usinivue nguo mbele yao.”

“Kapatia zote!” Puri akawatangazia.

Mzee akainamisha kichwa, akaimaliza ile “yetu” kama anywaye dawa.