Watu Wanne wa Kumbeba Hamali

Hamali wetu wa mtaa wa Shika Adabu amekufa na tumeshamzika. Jina lake sitaliandika. Nusu ya mtaa hawakulijua mpaka lilipotangazwa msikitini. Lakini kama umewahi kushuka kivukoni Likoni na gunia la viazi, ukasikia nyuma yako sauti ya mtu mzima ikisema, "Pisha, mama, pisha, mzigo hauna macho," basi ulikutana naye. Watu wanasema ameuawa na ugonjwa wa ngiri. Kweli, ngiri ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Lakini mimi nilikuwepo, nami nasema hivi: amekufa kwa kukosa watu wanne wa kumtoa chumbani kwake mpaka barabara ya lami. Na katika waliomkosesha watu hao, wa kwanza ni mimi.

Alipanga chumba huku kwetu bondeni, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkewe alitangulia zamani, na watoto hawakujaliwa. Kila asubuhi hupitia kwangu kununua mahamri na mbaazi, akala barazani, akatoa habari za kivukoni kushinda redio. Nilimzidi umri kwa miaka michache, basi akiniita dada. Hakuwahi kuwa na mkokoteni. Mikokoteni ilipozidi, akasema hayo ni magari ya wavivu. Zilipokuja pikipiki, akanyamaza, maana hizo zilimlia chakula chake kweli. Wateja wakabaki akina mama wa sokoni wenye huruma, na mizigo midogo midogo. Mzigo mkubwa aliobaki nao ni ile ngiri, na hiyo akiificha chini ya kikoi kwa kitambaa alichokikaza kiunoni. Sote tulijua. Sote tulimwambia pole. Pole ni neno rahisi, halina uzito hata wa karatasi.

Siku moja mjukuu wangu alikuja na kazi ya shule. Huyo mtoto ana akili, msiseme najisifu. Nikijisifu pia ni haki yangu, mimi niliyeishia darasa la tatu. Mwalimu amewapa neno moja la Kizungu, waliandike katikati ya karatasi kubwa, kisha walizungushie maneno yote ya Kiswahili yanayoingia humo. Lake lilikuwa "carry".

"Bibi, hili kwa Kiswahili ni nini?"

"Kubeba."

"Hilo nimeshaandika. Mwalimu anataka mengi."

"Mengi gani? Kubeba ni kubeba, mwanangu, usinichoshe."

Hamali akaweka kikombe chini. "Dada, wewe na shule mligombana zamani. Mwache mtoto aje kwa fundi." Akainuka, akachukua ndoo yangu ya maji akaiweka kichwani, mikono ameiachia. "Hivi nimefanyaje?"

"Umejitwika, babu!"

"Andika." Akachukua mto wa kiti, akaufunga mgongoni kwa leso yangu, akawa anauyumbisha na kuubembeleza kama mtoto anayelia, na mzee mzima ana ndevu nyeupe. Mtoto akacheka mpaka akalala sakafuni. "Kueleka!" Akakaa, akauweka mapajani: kupakata. Akatwaa mti wa kuanikia nguo, akauweka begani, ndoo mbele na kikapu nyuma: mzegazega. Halafu akasema kuna kuhimili, nalo hilo huwezi kulionyesha kwa ndoo, kwa sababu mtu huhimili ndani. Karatasi ikajaa.

"Na Mzungu yeye asemaje?" akauliza.

"Yote hayo ni lile lile moja, babu."

"Basi Mzungu hakubeba kitu huyo. Alikuwa akibebewa."

Tukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, na baadaye nikayarudia maneno hayo kwa majirani kama yangu.

Ikaja siku ya wazazi kwenda shuleni kutazama kazi za watoto. Masika yalikuwa yamepiga wiki nzima, na njia yetu ya kupandia barabarani imekuwa tope la magotini. Tuktuk hazishuki huku siku kama hizo. Nilivaa buibui langu jipya, lile lenye nakshi mikononi, nikalishika juu kwa vidole, viatu nimevitia mfukoni. Nilipopita kwake nikamkuta ameketi kizingitini, jasho linamtoka na hali kuna baridi.

"Dada, leo limenishika."

"Tumbo?"

"Limekuwa jiwe. Niitie watu wanne, wakishike kitanda changu wanipandishe mpaka lami. Huko juu nitapata gari."

"Huwezi kujikokota pole pole, ukanishika bega?"

"Ningeweza, ningekuomba watu?"

Mtu huyu miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiomba kuinuliwa hata kikapu. Nilipaswa kusimama papo hapo. Badala yake nikapanda mlima, nikafika kwa kinyozi, nikawakuta vijana watano wameketi. Nikasema, "Nyinyi, mzee kule chini hajiwezi. Nendeni mumpandishe." Wakaitikia, "Sawa, bibi, twaenda." Shingo hawakuinua kwenye simu zao. Nikajua kuwa hawaendi. Wallahi nilijua, kama ninavyojua mvua ikinukia. Lakini sherehe ya shule inaanza saa nne, na mimi nimejipamba. Nikaosha miguu kwenye dimbwi, nikavaa viatu, nikaingia tuktuk.

Karatasi ya mjukuu wangu ilibandikwa ukutani mbele kabisa. Mwalimu akanishika mkono: "Mama, maneno haya mtoto ameyatoa wapi? Wenzake wameandika mawili, matatu." Nikamwambia, "Sisi nyumbani twazungumza Kiswahili, mwalimu." Nikaishia hapo. Mjukuu wangu akanitazama, kisha akatazama ukuta. Nikapewa soda, nikapigwa picha. Nikakaa mpaka sherehe ikaisha.

Alasiri nilirudi. Nilimkuta sakafuni, mlango wazi, tope la mvua limeingia mpaka mkekani. Alikuwa hai. Nilipiga yowe, na watu wakatoka: fundi wa viatu, mpangaji wa pili, wawili wa wale wa kwa kinyozi. Kitanda kikainuliwa. Ule mlima wameupanda kwa muda ambao mimi huanza na kumaliza kukanda unga. Muda mfupi tu huo ndio uliokosekana tangu asubuhi. Hospitalini daktari aliuliza, "Mlikuwa wapi siku nzima?" Kabla ya magharibi hamali akafa.

Sasa nisikilizeni wasomaji wangu, maana haya ndiyo yaliyonikosesha raha. Kesho yake kichochoro chetu kilijaa wanaume mpaka kikashindwa kupumua. Jeneza lilipotoka waligombania. "Nipishe nami!" "Wewe umeshachukua hatua kumi, toka!" Kila mmoja anataka bega lake liguse mti, kwa sababu kumchukua maiti kuna thawabu. Lile tope la magotini hawakuliona. Sisi wanawake tukitazama milangoni. Waliporudi kula, kijana mmoja wa kwa kinyozi akaniambia, "Bibi, tumembeba mzee wetu. Alikuwa mwepesi kama pamba."

"Na jana alikuwa mzito?"

Akainama. "Bibi, sisi tulidhani umeita wengine."

"Na mimi nilidhani nini?"

Alinitazama akingoja niseme mwenyewe. Nikachukua sahani yake, nikaenda kuiongeza wali.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeitumia methali hii maisha yangu yote kuwasema watu wengine, wale wanaoona ya wenzao mepesi. Siku ile ilikuwa yangu. Zamani hapa Likoni mgonjwa akizidiwa, kitanda kilitoka na watu walitoka nacho, huulizi nani ni nani. Siku hizi tumejaa, vyumba vimeshikana ukuta kwa ukuta, na kila mmoja anamtegemea aliye upande wa pili. Nasi wazee tusiwatupie vijana lawama yote. Wao hawakumsikia akiomba. Mimi nilimsikia.

Kwa hiyo mwenye kutaka kunisikiliza, hili ndilo nililojifunza kwa bei ya mtu. Mgonjwa akikuita, usiende kuwatuma watu kisha ukapanda gari. Ingia chumbani mwake, shika mguu mmoja wa kitanda, upige yowe bila kuuachia. Watatu waliobaki watakuja.