Kulwa Alipobaki kwa Nasrin

"Shangazi, Kulwa anajua kwamba amekufa?"

Nilikuwa darasa la pili nilipouliza hivyo, mdomo umejaa ugali. Baba aliacha kutafuna. Mama alinifinya paja mpaka machozi yakanilenga. Shangazi Doto peke yake ndiye ambaye hakukasirika. Aliniangalia, kisha akaisogeza karibu na mkono wake ile sahani ya pili aliyompakulia Kulwa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ugali utapoa."

Shangazi Doto ni dada yake baba. Kwetu Usukumani pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa na anayefuata ni Doto, hakuna mjadala. Kulwa wake alikufa maji kwenye lambo la ng'ombe huko Dutwa wakati wote wawili wako darasa la tano. Bibi alikataza kilio. Alisema pacha akililiwa, yule aliyebaki atadhani na yeye anaitwa. Kwa hiyo hapakuwa na matanga. Mtu akiuliza Kulwa yuko wapi, aliambiwa yuko machungani. Na mtu aliye machungani hurudi na njaa, si ndiyo? Sahani yake iliendelea kupakuliwa.

Wengine wangeacha baada ya muda. Shangazi hakuacha. Alikua, akahamia Bariadi mjini, akapanga chumba na ukumbi Somanda, akaweka cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Sharifu. Nusu ya sketi za shule mnazoziona pale stendi asubuhi amezishona yeye. Ni mtu wa utani, anapenda redio, anapenda mabishano ya mpira ingawa hajui timu yoyote. Ukikutana naye huwezi kudhani kitu. Ila kila mwisho wa mwaka alishona shati moja la kiume, akalikunja, akaliweka kabatini. Nilipohamia kwake kuanza kidato cha kwanza niliyatoa yale mashati siku moja nikayapanga kitandani kwa kufuatana. La kwanza lilikuwa la mtoto. La mwisho lingemtosha baba yangu. Yaani Kulwa alikuwa anakua.

Hakuolewa. Bujiku, mpima pamba wa Mwandoya, alikuja kujitambulisha, akakuta meza ina sahani tatu.

"Tunamsubiri nani?" akauliza.

"Kaka yangu. Wewe kula tu, mwenyewe yuko hapo."

Bujiku alikula huku anakitazama kile kiti kitupu. Aliaga vizuri sana. Pampu ya baiskeli yake aliisahau mlangoni na mpaka leo tunayo sisi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila shangazi alipotoka mahali alipokula, iwe harusini, iwe msibani, iwe kwa mama ntilie, alisimama kidogo mlangoni na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kulwa, twende." Hakuwahi kusahau. Alisema mtu wa machungani ana tabia ya kuzubaa, usipomwita anabaki.

Mimi si mtu wa kukubali mambo kirahisi. Kwa hiyo nilichunguza. Shangazi akipakua wali kutoka sufuria moja, mwiko mmoja, sahani yake ilitoa mvuke na ya kwangu ilitoa mvuke. Ya Kulwa haikutoa. Niliigusa chini kwa kidole. Ilikuwa baridi kama imetoka kisimani. Nilirudia kesho yake kwa makande, nikarudia kwa uji. Ilikuwa vilevile. Nilipomwambia mwalimu wetu wa fizikia alisema sahani itakuwa imewekwa kwenye upepo. Ukumbini kwetu hakuna dirisha.

Sasa Nasrin.

Nasrin alisoma na shangazi tangu darasa la kwanza huko Dutwa, kabla baba yake hajahamia mjini. Huyo baba alifungua duka hapa Bariadi. Baadaye Nasrin alikwenda Arusha akapika miaka mingi kwenye mgahawa wa Mhispania mmoja, na aliporudi alilifungua lile duka la marehemu baba yake kama mgahawa, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: VIJISAHANI. Chakula cha Kihispania, lakini halali tupu. Huagizi sahani moja ukashiba. Unaletewa visahani vingi, katika kila kimoja kuna vijiko viwili vitatu vya kitu, mnakula kwa pamoja mkipiga soga. Na alifungua Jumamosi kuanzia saa tano, wakati ambapo chai ya saa nne imekwisha na chakula cha mchana bado.

Visahani vyenyewe alitaka viwe vya udongo. Alikwenda Zagayu kwa mfinyanzi mmoja, bibi Nyanjige, akamweleza ukubwa kwa viganja. Bibi akamtazama.

"Mayu, mama yangu, ukoo wenu una wafu wangapi?"

"Kwa nini, bibi?"

"Vidogo hivi hatufinyangi vya kulia watu. Hivi ni vya masamva."

Masamva ni mizimu ya ukoo. Wazee wa vijijini wakiwalisha huwawekea kidogo kidogo cha kila kitu, kwenye vyungu vidogo, kabla jua halijafika utosini. Nasrin hakuyajua hayo, yeye ni mtoto wa dukani. Alitusimulia huku anacheka mpaka anafuta macho, siku alipotualika tuwe wageni wake wa kwanza.

"Fundi, umekonda kama sindano yako!" alimpokea shangazi mlangoni.

"Na wewe umejaa kama gunia la pamba."

"Mlaumu Mhispania. Kaeni, kaeni."

Shangazi akavuta kiti cha nne. Nasrin alikuwa amezoea mambo haya tangu utotoni, na kwa kuwa alikuwa na furaha siku ile, alifanya kitu ambacho hakuna mtu nje ya familia alikuwa amewahi kukifanya. Alikipangusa kile kiti kwa kitambaa, akainama kidogo kama anavyowainamia wateja, akasema, "Na wewe Kulwa, karibu sana. Hapa ni kwako."

Shangazi akaketi kando ya kile kiti.

Halafu vikaja. Zeituni nyeusi. Dagaa waliokaangwa na kukamuliwa limau. Mkate uliosuguliwa nyanya na kitunguu saumu. Dengu na mchicha. Vibonge vya nyama kwenye mchuzi mwekundu. Mayai na viazi vilivyokaangwa vikawa duara nene.

"Hii si chipsi mayai?" nikauliza.

"Koma! Hii ina pasipoti," akasema Nasrin.

Tulicheka sana. Shangazi naye alicheka, ila niliona macho yake yanahesabu visahani, kidogo kidogo cha kila kitu, na jua nje bado halijafika utosini. Kiti cha nne kilikuwa kimesogea mezani. Sikumbuki nani alikisogeza. Nilidhani ni Nasrin.

Wakati wa kuondoka Nasrin alitusindikiza akisimulia habari za yule Mhispania, jinsi alivyokuwa akiwaamkia shikamoo watoto wote wa mtaani, na watoto wakamzoea wakawa wanamwitikia marahaba kwa sauti nzito za kizee. Shangazi alicheka mpaka akajishika ukuta. Tukavuka barabara tukicheka. Tukafika nyumbani tukicheka.

Jioni alipakua wali na maharage. Sahani tatu. Zote tatu zikatoa mvuke.

Niliiona kabla yake. Kisha na yeye akaiona. Akaweka kiganja chini ya sahani ya Kulwa akakiacha pale mpaka nikaogopa ataungua.

"Sikumwita," akasema.

Nimelala na shangazi chumba kimoja kwa miaka, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona amekaa bila kufanya kitu. Kuanzia siku ile alikaa. Cherehani ilifunikwa. Mzee Sharifu alituma mtu kuuliza kama ni homa. Alikwenda VIJISAHANI kila jioni, akasimama mlangoni, akaita, "Kulwa, twende," akarudi. Sahani nyumbani iliendelea kutoa mvuke kama chakula cha mtu yeyote.

Na kule mambo yaliharibika. Wateja wa kwanza walipenda, kisha wakaanza kunong'ona. Kila meza, kisahani kimoja kilifika kimepoa. Dagaa wanatoka kwenye mafuta yanayochemka, wanafika mezani baridi, mafuta yameganda meupe ukingoni. Anaitwa Nasrin, anarudisha, analeta vingine. Dagaa sasa wa moto, dengu ndizo zimepoa. Hilali, dereva wa basi la Mwanza, aliapa kwamba alikuwa akila peke yake na bado akasikia mtu anatafuna upande wa pili. Watu hawakugomba. Walikoma tu kuja. Ilifika Jumamosi Nasrin akakaa mwenyewe katikati ya meza tupu.

Alikuja nyumbani amejifunga mtandio vibaya.

"Doto, njoo umchukue ndugu yako."

"Namwita kila siku, Nasrin. Haji."

"Nimesoma dua humo mpaka sauti imekauka. Maisha yangu yote ya Arusha yako ndani ya kile chumba. Sina kingine. Sivunji urafiki, lakini mwambie atoke."

"Nimwambieje?" Shangazi alipandisha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Umemwambia ni kwake. Umemwekea vyungu vya masamva. Mimi nyumbani namwekea sahani ya bati kama mtoto wa shule. Kwa nini arudi?"

Nasrin akajifunga upya mtandio. Halafu akasema taratibu, "Masamva wanajua wao ni masamva. Huyu je, mlishamwambia?"

Shangazi akanigeukia mimi. Si kwa hasira. Nadhani wote wawili tulikuwa tunakumbuka ugali ule.

Niliona anachopima, maana kilikuwa usoni mwake wazi kabisa. Asipomwambia, rafiki yake anafilisika. Akimwambia, mtu wa machungani harudi tena, na yeye atakuwa pacha asiye na pacha.

Jumamosi iliyofuata, saa tano, tulikaa meza ileile. Nje bodaboda zilikuwa zinapiga honi, mwanamke anauza karanga, jua kali. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kufanya mtu ajikunyate. Nasrin alileta visahani vyote, akaketi, mikono mapajani. Kila kilichowekwa mbele ya kiti cha nne kilipoa tunakitazama; mvuke ulikatika kama uliofunikwa na kiganja.

Shangazi hakula. Alikigeukia kiti.

"Mwangaluka, Kulwa," akaanza kwa kumsalimu.

Alizungumza Kisukuma cha ndani, cha Bibi, na mimi wa mjini nilishika maneno machache tu. Lambo. Ndama. Maji. Hakulia. Aliongea kama mtu anayemweleza ndugu habari za nyumbani, akitua, akiendelea. Alipofika mwisho alisema sentensi moja fupi, akasubiri.

Kiti kililia kidogo, kama kiti ambacho mtu mzito ameegemea.

Shangazi akainamisha kichwa upande, anasikiliza. Kisha uso wake ukabadilika. Ninauona mpaka sasa. Haukuwa wa huzuni. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo ambalo halijawahi kumpitia akilini hata siku moja. Akajigusa shingo chini ya taya, akatafuta mapigo. Akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nasrin, nishike."

Nasrin akamshika.

"Ni wa moto?"

"Wa moto, Doto. Kama kawaida yako. Unanitisha."

"Endelea kushika."

Walikaa hivyo. Nilikuwa natazama kisahani cha dengu mbele ya kile kiti. Mafuta yaliyoganda ukingoni yakalainika, yakawa manjano, yakatiririka. Mvuke mwembamba ukaanza kupanda. Kisha dagaa. Kisha vibonge vya nyama. Chumba kikawa na joto la Bariadi, joto la kawaida la saa tano, na nikagundua kwamba kwapa zangu zimelowa.

"Tule," akasema shangazi. Tukala, vyote, na vya kiti cha nne pia. Tulipotoka hakusimama mlangoni. Alipita tu.

Watu walirudi VIJISAHANI mmoja mmoja. Hilali anasema alikuwa mtu wa kwanza kurudi, lakini anapenda sifa. Shangazi aliifunua cherehani. Siku hizi anapakua sahani mbili, yangu na yake, na yale mashati aliyagawa kwa vijana wa mtaa, kila mtu na saizi yake. Na kuna jambo jipya kwake: ana tabia ya kuvishika vitu. Ukimpa kikombe anakizungusha viganjani muda mrefu kabla ya kunywa. Ukimsalimia anaushika mkono wako hauachi upesi.

Mwaka huu niko kidato cha nne. Likizo ya mwezi wa sita tulikuwa kwa Nasrin, sisi wawili, Nasrin yuko jikoni anagombana na mtu wa mkaa. Zeituni zilikuwa katikati yetu. Nikaona sasa mimi ni mkubwa, hakuna wa kunifinya paja. Nikauliza tena, maneno yaleyale ya darasa la pili.

Shangazi hakuniambia nile safari hii. Aliifunika zeituni moja kwa kiganja chake.

"Tulizama pamoja siku ile," akasema. "Yeye aliniona nikienda chini, hakuona nikitolewa. Kwa hiyo alijua mmoja wetu amekufa, ila alidhani ni mimi. Miaka yote ile, mwanangu, Kulwa ndiye aliyekuwa akiniwekea mimi chakula."