Dirisha la Chumba cha Pasi

Siku ya kutembelea nyumba kongwe ilipofika, Bwana Mita alikuwa ameshavaa viatu kabla jogoo hajaamua kama awike au aendelee kulala. Mkewe alifungua jicho moja, akamwona amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka linakata, akalifumba tena.

"Baba watoto, matembezi ni saa tatu," alisema kutoka ndani ya shuka. "Ukienda sasa utakuta nyumba zenyewe zimelala."

"Mtu hujiandaa, mke wangu."

"Hata siku ya harusi yetu hukuwahi hivi. Nakumbuka, nilikuwepo."

Ilikuwa kweli. Alikuwa na kiherehere cha mtoto aliyeahidiwa safari.

Nikwambie alivyoipata hiyo lakabu. Maisha yake yote ya kazi, mpaka alipostaafu, alikuwa msoma mita za maji. Hakuna mtu aliyezijua nyumba za mji ule mdogo kama yeye, na hakuna aliyezijua kidogo kama yeye. Alijua geti gani linagoma na mbwa yupi anabweka kwa kutafuta sifa tu. Lakini mita hukaa nje, nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Alipiga hodi uani, akainama, akasoma, akaandika, akaaga. Kizingiti hakukivuka hata siku moja. Wahenga walisema macho hayana pazia. Walichosahau kusema ni kwamba nyumba zinayo.

Sasa kamati ya wakazi ilikuwa imewaomba wenye nyumba za zamani wafungue milango kwa siku moja, watu waingie, waone. Na ya mwisho katika msafara ilikuwa Nyumba ya Luva, ile ya ghorofa yenye madirisha ya mbao za mshazari. Hapo ndipo moyo wa Bwana Mita ulipokuwa.

Mama yake alikuwa dobi wa nyumba hiyo. Alifua chini, akapiga pasi juu, na mwanawe akamsubiri uani, kwenye jiwe kando ya bomba, kwa kuwa watoto wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kuingia. Kila mara vidole vya mama vilijitokeza kati ya mbao za dirisha la juu, vikapunga, vikarudi kazini. Siku moja njiani mtoto aliuliza, "Mama, kule juu unaona nini?"

"Naona dunia nzima, mwanangu."

Basi akakua na dunia hiyo kichwani. Aliona reli, milima, mto unaopinda, miji ya mbali. Aliwasimulia wanawe kwamba bibi yao alipiga pasi huku akitazama dunia nzima, nao wakawasimulia wana wao. Mkewe alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka masikio yameota sugu. Lakini alijua pia jambo lingine: mwenye nyumba alikuwa anahamia kwa binti yake, na wiki ijayo mafundi wangeingia kubomoa kuta za juu ili kupata ofisi. Kama mumewe hakuliona dirisha lile leo, asingeliona tena. Ndiyo maana, pamoja na utani wote, naye alivaa viatu mapema.

Msafara uliongozwa na mwalimu mmoja mstaafu mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya daktari wa zamani. Watu waliingia kwa mlango wa mbele. Bwana Mita alizunguka nyuma.

"Wewe!" mkewe alimfuata, akamkuta ameinama ukutani. "Unafanya nini huko?"

"Lo! Miguu, mke wangu. Miguu imekuja yenyewe."

Alimshika mkono, akamwingiza ndani kama wote. Na alipoingia, ah, hapakukalika! Kila chumba kilimjibu swali alilobeba miaka. "Kumbe bafu lao ni kubwa hivi! Ndiyo maana walikuwa wanakunywa maji kama tembo!" Aligusa ngazi za mbao zilizosuguliwa na nyayo, akachungulia kabati, akalisifia dari. Kwenye nyumba ya stesheni masta alikuta bustani ya ndani, yenye kidimbwi cha samaki, akapiga kofi. "Mimi nilidhani bomba lao linavuja! Niliwaandikia mara ngapi! Kumbe samaki!" Watu walivunjika mbavu. Mwalimu alijikuta anasubiri Bwana Mita aseme kwanza ndipo aeleze historia.

Walipofika geti la Nyumba ya Luva, mwalimu aligeuka. "Hapa jamani ni chini tu. Ngazi zimefungwa kamba, hatupandi juu. Mwenye nyumba ameomba hivyo."

Uso wa Bwana Mita ulishuka. Mkewe alimnong'oneza, "Mama mwenye nyumba anapokea wageni mlangoni. Mwombe. Mwambie habari ya mama. Lakini mwombe mlangoni pale, akishaanza kuongea na watu humpati."

"Nitamwomba," alisema. Akawa anapanga maneno: shikamoo mama, samahani mama, marehemu mama yangu alikuwa... Alipanga vizuri sana. Alipanga mpaka akajikuta nyuma ya nyumba, ameinama mbele ya mita.

Mazoea yana tabu! Wageni wote walikuwa wameshaingia, mwenye nyumba kawafuata, mlango wa mbele umefungwa. Bwana Mita alijipiga paja. Alijiona mjinga wa mwisho, tena mjinga mwenye shati zuri. Nusura alie.

Ndipo jicho lake lilipotua kwenye kioo cha mita. Kile kigurudumu chekundu cha kuonyesha maji yanapita kilikuwa kinazunguka mbio. Aliangalia bomba la uani: limefungwa. Alichungulia jikoni: hakuna mtu, hakuna tone. Na kigurudumu kinakwenda! Hapo alisahau kamba, akasahau maneno yake yote mazuri. Aliingia kwa mlango wa jikoni akipaza sauti.

"Mama mwenye nyumba! Maji! Kuna bomba liko wazi mahali!"

Sebuleni watu waligeuka. Mwenye nyumba, mama mzee wa kitenge, alishika kifua. "Yarabi! Ndoo ya maua! Nilikuwa naijaza kule juu, mkapiga hodi, nikashuka. Magoti haya hayanipandishi tena mbio. Panda, baba, panda ufunge! Chumba cha mwisho, cha pasi!"

"Cha pasi?"

"Cha pasi, ndiyo! Kimbia, dari lisije likatuangukia!"

Aliruka kamba kama kijana. Mkewe alimwona akipotea ngazini, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akacheka huku machozi yakimlengalenga. Kisha akatoka nje haraka, akazunguka uani.

Juu, ndoo ilikuwa imefurika ndani ya sinki, na maji yameanza kutambaa sakafuni. Bwana Mita alifunga bomba, akafuta kwa gunia lililokuwa pembeni. Halafu akasimama. Chumba kilikuwa chembamba, na ukutani bado pana meza ndefu ya mbao, ukingo wake umepauka pale mtu alipokuwa akiegemea. Dirisha liko mbele ya meza. Aliegemea pale pale, akatazama dunia.

Mbao za luva zilikuwa zimepigiliwa misumari tangu mwanzo, zote zikiinamia chini, mvua isiingie. Alitafuta reli. Aliinama, akasimama kwa ncha za vidole, akageuza shingo kulia na kushoto. Hapakuwa na reli. Hapakuwa na mlima wala mto, wala hata paa la jirani. Kutoka hapo mtu angeweza kuona kitu kimoja tu: bomba la uani, na jiwe kando yake.

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza ya mama yake.

Mwenye nyumba aliita kutoka chini ya ngazi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Umeokoa dari langu, baba! Vipi, mbona hushuki?"

Uani mkewe alikuwa amefika, amekaa juu ya jiwe kupumzisha miguu, shingo kaiinua, anamtafuta.

"Baba watoto! Upo? Unaona nini huko?"

Bwana Mita alipitisha vidole kati ya mbao, akapunga.

"Dunia nzima!" aliita. "Kaa hapo hapo, mke wangu. Usiondoke kwanza."