Mama Alipoipindua Mashua ya Baba

Harufu ya mkonge uliochakatwa ni chachu na watu wengi huifungia madirisha ya gari, lakini mimi ikinipata karibu na Voi hufurahi, kwa sababu ndiyo iliyotupokea klabuni kila Jumamosi. Klabu yetu ya mashua ilikuwa kando ya bwawa chini ya vilima vya Ndara, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Wageni kutoka Mombasa walipoliona walivunjika mbavu kwa kicheko. Wacheke tu, usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Hatukuwa na mfanyakazi hata mmoja. Karani, muuguzi na muuza mitumba walishona matanga na kuosha vyombo kwa zamu, na sheria walizitunga wenyewe. Moja ilikuwa ngumu: hakuna aliyekuwa nahodha mpaka aipindue mashua katikati ya bwawa na kuiinua peke yake, wanachama wote wakitazama ukingoni bila kutamka neno. Familia isiyo na nahodha, mashua yake alipewa mwanachama mwingine.

Baba alifariki mvua za vuli zilipokaribia, na mashua yake ikabaki bila mtu. Mama ni wa Mghange, huko juu kwenye ukungu, na maji aliyoyazoea ni ya mtungi. Aliposema atajifunza kuogelea, shangazi alishika kiuno. “Mama Wakio, mtu wa Mghange na mashua wapi na wapi?”

“Ilikuwa yake,” Mama alijibu. “Haiendi kwa mtu.”

Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi, na mimi mwanawe nilimchukia kidogo kwa hilo.

Siku ya jaribio aliipindua bila shida. Kuinua ndiko kulikokuwa na kazi. Alipanda juu ya ubao unaotokeza chini ya mashua, akateleza, akazama, akaibuka akikohoa. Mwalimu Mwakisha, mwenyekiti wetu, alikuwa tayari amevua viatu, lakini alisimama palepale. Mama akapanda tena, akalala nyuma na kuvuta kamba kwa uzito wake wote, na polepole mlingoti ukatoka majini. Nilitaka kupiga vigelegele. Badala ya kurudi, Mama alielekeza tanga ng’ambo, akajificha nyuma ya matete.

“Amekwama?” niliuliza.

“Hapana, mwanangu,” Mwalimu Mwakisha alininong’oneza. “Sikiliza.”

Sauti ilitufikia juu ya maji. Mama alikuwa analia, kilio kirefu cha kumwita Baba kwa jina. Jaribio lilikuwa limekwisha na kila mtu alikuwa huru kusema, lakini hakuna aliyesema. Walisimama vilevile juani mpaka aliponyamaza na kurudi, ndipo muuguzi akamfunika leso na kumpa chai.

Siku hizi klabu ina mlinzi wa kulipwa, na anayejifunza huokolewa kabla hajalowa vizuri. Ni salama zaidi, sikatai. Mwenzetu akifiwa, kila mmoja humtumia vikaragosi vya mikono ya sala kwenye kundi la simu, na kabla ya jioni tumeshaulizana mashindano ni lini. Watu wa kusimama kimya mpaka mtu amalize kulia, sijawaona tena.