Kuku wa Stanmore na Njia ya Norwei

Naomba nizungumze nimesimama. Mchungaji ameniwekea kiti, namshukuru, lakini kukaa na kulala nimeshafanya vya kutosha kwa mtu mmoja.

Wengi mnanijua. Naitwa Anaeli, mzaliwa wa Machame, na hapa Wembley nina miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ni kea: nawaogesha wazee, nawalisha, nawabadilisha pampasi. Nilikuwa na afya ya chuma, na kwa sababu hiyo wagonjwa niliwahurumia kwa mdomo tu. Bibi mmoja alikuwa akichukua dakika kumi kufunga kifungo kimoja cha sweta. Nilimwondoa mikono nikamfungia mwenyewe, huku moyoni nikisonya. Nalisema hili mapema, msije mkadhani leo nimekuja kuwasema wengine tu.

Miaka miwili iliyopita kikundi chetu cha watu sita kiliamua kwenda kuhiji Norwei. Iko njia ya kale ya mahujaji, inatoka Oslo, inapita mashambani na milimani hadi kanisa kuu la Trondheim. Sisi tulitaka sehemu ya mwisho, kuanzia milima ya Dovre, siku kumi na nne kwa miguu. Kiongozi alikuwa Mzee Kileo, mzee wetu wa kanisa, yule pale safu ya mbele. Uongozi wake ulikuwa hivi: alinunua kofia, akanunua fimbo mbili za kutembelea, akapiga nazo picha bustanini kwake Stanmore, akatutumia kwenye kundi la WhatsApp.

Mipango niliifanya mimi. Kila nikitoka zamu nilikaa na ramani nikagawa njia vipande vya kilomita kumi na tano hadi ishirini. Niliwaandikia wakulima wanaolaza mahujaji. Niliuliza theluji inayeyuka lini kule juu, na mto upi una daraja. Jumamosi nilitembea kando ya mfereji nikiwa na kilo nane za mchele mgongoni. Mzee Kileo akatuma picha ya soksi.

Mwezi wa tano alituita kwake kwa mkutano wa mwisho, akachoma kuku. Alivaa aproni na hakuruhusu mtu mwingine kugusa jiko. Paja nililopewa lilikuwa jeusi nje, na karibu na mfupa lilikuwa la waridi.

"Mzee, huyu hajaiva," nikamwambia.

Akacheka. "Mama Neema, wewe umezoea kuku wa kienyeji. Wa huku ni laini tu."

Wenzangu wakacheka naye. Nikaogopa kuonekana sina adabu. Nikala, nikalamba na vidole.

Siku ya tatu niliharisha maji, kisha damu. Nilikuwa chooni wiki nzima. Nikapata nafuu, nikarudi kazini. Siku kama kumi baadaye vidole vya miguu vikaanza kuchonyota, kama nimekanyaga upupu. Nikalaumu buti mpya. Nilipouliza kwenye kundi, Mzee Kileo akajibu: "Buti zinahitaji kuzoewa. Omba, halafu tembea." Kesho yake ganzi ilikuwa magotini. GP, daktari wangu wa mtaani, alinisikiliza kwa simu dakika nne, akasema ni uchovu wa kazi, ninywe maji mengi. Nikanywa. Nilimwamini, mimi ninayefanya kazi na wagonjwa kila siku.

Asubuhi iliyofuata, kwenye ngazi za stesheni ya Wembley Park, magoti yakaniacha. Nilibingirika mpaka chini. Siku hiyo kulikuwa na mechi, watu tele. Walinipita pembeni kama watu wanaokwepa dimbwi. Mmoja alisema, "Saa nne asubuhi, keshalewa." Nilijaribu kujiinua, mikono nayo ikakataa, nikajikojolea palepale. Mwanamke anayefagia stesheni ndiye aliyeacha ufagio wake, akavua koti lake la kazi akanifunika, akaita gari la wagonjwa. Jina lake silijui mpaka leo.

Hospitali daktari akanigonga magoti kwa kinyundo. Hayakushtuka hata kidogo. Wakanichoma sindano mgongoni, wakatoa maji ya uti wa mgongo wakayapima. Daktari akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Kinga ya mwili wako ilipigana na vijidudu vya tumboni," alisema. "Sasa imepotea njia, inashambulia mishipa yako ya fahamu. Ugonjwa unaitwa Guillain-Barré. Utazidi kwanza, ndipo upungue."

"Vijidudu hivyo vinatoka wapi?"

"Mara nyingi kwenye kuku ambaye hakuiva."

Nilicheka. Kesho yake uso ulipooza, na sikuweza kucheka tena kwa miezi mitatu.

Siku ya nne kifua kikashindwa. Walinipitisha mpira kooni, baadaye wakanitoboa shingo, na kwa siku ishirini na sita mashine ilinipumulia. Macho hayakufumbika, waliyabandika kwa plasta. Makohozi waliyanyonya kwa mrija. Haja zote mbili nilitolewa na watu wengine. Msidhani aliyepooza hasikii maumivu. Shuka likinigusa nyayo, nilisikia pasi ya moto. Na masikio yangu yalikuwa mazima kabisa.

Ndiyo maana nilimsikia Mzee Kileo alipokuja na wenzake wawili. Walisimama miguuni pa kitanda, sauti zao kama za watu wanaotazama nyumba iliyoungua.

"Masikini, amekwisha," mmoja akasema.

Mzee Kileo akaomba. "Bwana, kama ipo dhambi dada yetu ameificha, mfunulie." Dhambi! Baada ya amina akashusha sauti, ila si vya kutosha. "Kule Norwei vitanda vimeshawekwa kwa watu sita. Nafasi yake nitampa shemeji yangu."

Mdogo wangu Ndeshi, aliyekuwa akija kila siku kwa treni kutoka Croydon, alikuwa ananipaka mafuta midomoni. Akaweka kopo chini.

"Mzee, dada anasikia."

"Ah, wa mashine hawa hawasikii."

"Anasikia. Tokeni."

Nilitaka kumtukana na sikuwa na mdomo wa kutukania. Machozi yalitoka chini ya plasta, Ndeshi akayafuta kwa kidole. Nadhani bila hasira ile ningeiachia mashine kazi yote. Nililala pale nikimdharau Mzee Kileo tangu asubuhi mpaka jioni, nikaidharau kofia yake, nikazidharau fimbo zake, na kila siku ikanikuta bado nipo.

Tangu mwanzo walikuwa wamenipa dawa ya kingamwili kwa dripu, siku tano. Matunda yake yalichelewa. Mwezi wa saba kidole gumba cha mkono wa kulia kilitikisika. Binti yangu Neema ndiye aliyekiona, akapiga ukelele, nesi akaja mbio akidhani nimekufa.

Wakanihamishia wodi ya mazoezi. Huko nilimkuta Jaswinder, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kisingasinga mwenye nywele za mvi, mzaliwa wa Nairobi. Kiswahili chake alikibeba kutoka jikoni kwa mama yake na hakukirekebisha tena.

"Wacha maneno mingi, mama," aliniambia siku ya kwanza. "Leo sisi nakaa tu."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda sekunde tisa, nikamwangukia kifuani, nikamtapikia. Akajifuta.

"Kesho nakaa kumi."

Tukakaa kumi. Tulichukua wiki kufika dakika moja. Siku moja nilikuwa nahangaika na kifungo cha nguo, kea mmoja akaniondoa mikono akanifungia, haraka, kama nilivyokuwa nikifanya. Nililia mpaka nikaishiwa pumzi. Hapo ndipo nilipojidharau mwenyewe, na dharau hiyo iliniuma kuliko sindano ya mgongo.

Wiki hizo hizo wenzangu walikuwa Norwei. Neema akanionyesha picha kwenye simu: "Mahujaji tumefika!" Wamesimama mbele ya kanisa la Trondheim, mikono juu. Nikahesabu. Ilikuwa siku ya tano. Kwa mpango wangu walipaswa kuwa bado mlimani. Nikamwambia Neema avute picha nione miguu. Buti za Mzee Kileo zilikuwa safi kama ziko dirishani dukani. Shemeji yake alikuja kuniambia ukweli baadaye, kwa aibu: walitembea siku mbili, mvua ikawanyeshea, wakagombana, wakapanda treni. Njia ile ina kitabu cha hija kinachogongwa muhuri kila kituo. Cha Mzee Kileo kina mihuri mitatu, mmoja wa kanisani. Amekiweka kwenye fremu sebuleni.

Mimi nilitoka hospitali baada ya miezi tisa, nikitembelea fremu ya chuma, baadaye magongo, sasa fimbo moja. Unyayo wa kushoto unaning'inia. Ndani ya kiatu kuna plastiki inayoushikilia. Vidole bado vina ganzi. Natembea kilomita nne kwa siku, na ya nne nalaani njia nzima. Nimekaa tena na ramani. Mwezi wa saba tunaondoka, mimi na Ndeshi, na Jaswinder amechukua likizo. Tutatembea kilomita thelathini za mwisho kwa siku nane. Huenda nisifike. Nisipofika nitakaa kwenye jiwe nile mkate wangu, halafu nirudi niwaambie kwamba sikufika.

Wiki tatu zilizopita Mzee Kileo alinipigia simu. "Mama Neema, tunafikiria kurudi Norwei. Utusaidie mipango."

Nikamwambia, "Mipango nitakutumia. Miguu tafuta mwenyewe."

Namshukuru Mungu, aliyenivumilia na kinywa hiki. Namshukuru daktari aliyevuta kiti, mama wa ufagio, Ndeshi, Neema na Jaswinder. Ninyi mnaonisikiliza, miguu ikiwawasha na kufa ganzi na nguvu zikipungua siku baada ya siku, msingoje simu ya mtu. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, mkang'ang'anie pale. Mkisimama kando ya kitanda cha mgonjwa, semeni naye, si juu yake. Aliyelala leo hajawakabidhi nafasi yake. Na kuku, jamani, mkateni mpaka kwenye mfupa mtazame, hata kama mwenyeji ni mzee wa kanisa.

Nimemaliza. Sasa ngazi hizi tatu za madhabahuni bado zinanishinda kushuka, nahitaji mkono wa mtu.

Naona umesimama wewe wa kwanza, Mzee Kileo. Haya, njoo. Shika hapa, chini ya kiwiko. Na usinivute. Mwendo ni wangu.