Leseni ya Marehemu

Mume wa mama mdogo alipofariki, kompyuta yake iliendelea kumwita.

Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Ole. Mama mdogo alikuwa ndani, anakaa eda, hivyo alinipigia simu Wete, ninakotengeneza kompyuta za watu. "Njoo uisikilize mwenyewe," aliniambia. "Watu hapa waniona nimechanganyikiwa."

Nilifika adhuhuri. Tulisali, tukala, naye hakuligusia jambo lile. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kanga. Ilipoingia alaasiri, kanga ikang'aa kwa ndani. Kikasikika kimlio kidogo, kisha sauti ya kike, ya Kizungu, ikatamka jina la marehemu taratibu, ikikosea herufi za mwisho. Ikanyamaza, kama inangoja kuitikiwa. Ikalitamka tena.

"Kila siku," alisema mama mdogo. "Mie huitikia. Naiambia hayupo."

Mwili ulinisisimka, na mimi ndiye fundi. Nikaifunua. Marehemu aliipanga ijiwashe saa ile ili asahihishe mitihani. Sauti ilitoka kwenye programu ya kusahihishia, aliyoilipia leseni ya mwaka mzima wiki moja kabla ya kufa. Kwenye kioo alikuwa anacheka, na chini ya picha yake palitakiwa nywila. Hakumwachia mtu.

"Mbona hukuichomoa kwenye umeme?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimzime mie?"

Siku hiyohiyo niliwaandikia wauzaji: mwenye leseni amefariki, tunaomba mfute jina lake na, ikiwezekana, mrudishe fedha. Jibu lilikuja upesi, likimsalimu marehemu. Walisikitika kusikia anafikiria kuondoka. Leseni haihamishwi. Fedha hurudishwa kwa ombi la mwenyewe tu, baada ya kuonyesha uso wake mbele ya kamera. Nikawatumia cheti cha kifo. Siku ya tatu wakaandika: "Tumewasiliana na mwenye leseni. Amechagua kuendelea."

Nilijua ni kazi ya mashine, mashine inayojaza nafasi kwenye barua iliyokwisha andikwa. Hata hivyo nilitoka dukani nikasimama juani, karibu na majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Mama mdogo sikumwambia.

Nilirudi Ole na flashi yenye mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ule unaoandikwa na watu wa dunia nzima na kugawiwa bure, hauna leseni ya kulipia. Kwa huo niliyatoa kwanza mafaili ya marehemu, nikayahifadhi. Kisha nikamweleza mama mdogo kwamba nataka kuuweka badala ya ule wa zamani, na sauti ile itaondoka nao.

"Mwenyewe nani?" aliuliza.

"Hauna mwenyewe, mama. Ni wa watu wote."

"Na huo wadai nini?"

"Haudai kitu."

Aliiondoa mikono yake mezani. "Mwanangu, kitu hakina mwenyewe, huja bure, hakidai. Na wewe wakitia nyumba yenye eda?"

Nilimfungulia maandishi yenyewe ya mfumo ule, ambayo yeyote anaruhusiwa kuyasoma. Alizitazama herufi zikishuka kurasa kwa kurasa, hazina mwisho.

"Hawa walioandika, wote wako hai?"

"Wengine wako hai. Wengine sijui."

Akanyanyuka. Akafukiza udi, akasoma Ayatul Kursi, akakipulizia chumba pembe zote nne. Halafu akakaa. "Haya. Tia."

Kazi haikuchukua hata saa moja. Picha ya marehemu ilipotoweka, mama mdogo aligeuza uso ukutani. Mfumo mpya ukauliza jina la mtumiaji. Nilimwuliza niandike la nani. Akanisogeza pembeni, akaandika lake kwa kidole kimoja, huku akizitafuta herufi.

Alaasiri tulikaa tukisubiri. Adhana ikaisha. Kompyuta haikuita mtu. Mama mdogo aliikodolea macho kompyuta muda mrefu, kisha akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko. Nilimwacha alie.

Eda ilipokwisha, alianza kuitumia kuwaandikia wanawake wa pale barua za maombi. Asema ni nyepesi, haimsumbui. Mafaili ya marehemu yako kwangu Wete. Hajayaomba, nami sijathubutu kuyafungua.