Siku Baba Alipomtoa Baba Mdogo kwa Sufuria

Mwezi uliopita nilimkuta mwanangu kajifungia chumbani analia kwa kwikwi. Nikadhani kapigwa shuleni, kumbe timu yake imemuuza mshambuliaji. Machozi yanamtiririkia mpaka kwenye simu, huku anamlaani meneja ambaye wala hajui kama yeye yupo duniani. Nikakaa kitandani pake nikamwambia, "Wewe unamlilia mtu baki. Mimi baba yangu alimtoa baba mdogo." Machozi yakakata pale pale. Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, basi akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nasema kweli. Nikamwambia kweli tupu, tena alitolewa kwa kipa na sufuria.

Na wewe mwenzangu sogea nikusimulie. Mimi habari hii nilidhani imekwisha zamani.

Tuliishi Hayes, magharibi mwa London, nyumba ya pembeni kabisa kwenye safu yetu. Baba alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, mama akihudumia wazee majumbani mwao, na baba mdogo, mdogo wake baba wa kufuatana, alifanya kazi kwenye maghala na kulala chumba kidogo cha juu. Bibi alikuja nami kutoka Tanga nikiwa bado mdogo, na sheria yake ilikuwa moja: Kiingereza kinaishia mlangoni mwa jikoni. Ukisahau ukasema "please", anakuuliza kama una homa. Nyumba ile ilinukia iliki na vitunguu vya kukaanga, na kuanzia Jumapili jioni ikanukia sabuni ya unga, kwa sababu jezi za timu nzima zilianikwa kwenye hita za kila chumba. Nimefanya kazi zangu za shule miaka mingi nikiwa nimeegemea jezi mbichi.

Baba ndiye aliyekuwa meneja wa timu. Usifikirie meneja wa suti na tai. Huyu alikuwa na koti la mvua, filimbi na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wachezaji wake walikuwa madereva, wapakiaji na walinzi, wengi wao watu wa pwani, na kila Jumapili asubuhi walikwenda kugaragara kwenye matope nyuma ya maghala, ndege zikipita juu ya vichwa vyao. Mshambuliaji alikuwa baba mdogo. Alichelewa kila mechi, alifika macho mekundu kutoka zamu, na bado alifunga. Akifunga hakukimbilia wenzake. Alikuja mbio kwenye mstari tulipokaa mimi na bibi, akanywa funda moja la chai kutoka kikombe cha bibi, akarudi mchezoni. Mimi nilijiona ndiye mtoto mwenye bahati kuliko wote London.

Nyumbani alikuwa mwenzangu wa ukoko. Wali ukishapakuliwa, tulikaa sakafuni yeye na mimi na vijiko, tukikwangua chini ya sufuria na kugombana. Alikuwa akidai kuwa ukoko wa upande wa kulia ni wa watu warefu. Nilimwamini mpaka nilipokua.

Sasa tuje kwenye usajili. Msimu ukiisha, timu zetu zilibadilishana wachezaji, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na chochote mfukoni, tulibadilishana kwa vitu. Winga mmoja tulimpata Lewisham, kwenye timu ya watu wa kanisa, kwa jezi za mikono mirefu. Hounslow waliwahi kutupa beki wao kwa ahadi kwamba baba atawapeleka na gari mechi zote za ugenini. Mtu akisajiliwa, tulimuuliza meneja ametoa nini na amepata nini, na hapo ndipo kikao kilipokuwa na kazi.

Kikao cha usajili kilifanyika jikoni kwetu, Jumapili moja ya majira ya joto. Sheria zake alizitunga bibi. Aliyefua jezi au aliyepika ana sauti, asiyefua wala kupika anyamaze ale. Kwa hiyo waliokuwa na sauti ni bibi, mama, wake wa wachezaji, na jirani yetu mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, ambaye alikuwa akituletea machungwa ya mapumziko yameshakatwa. Meneja husimama karibu na friji. Sahani yake imepakuliwa, imefunikwa, imewekwa juu ya friji ambako anaiona lakini haigusi. Watu wanakula, yeye anajieleza. Usajili ukikubalika, bibi anasema, "Mteremshieni," na sahani inashuka. Ukikataliwa, usajili haufutwi, ila sahani inabaki huko huko mpaka wageni waondoke, na meneja anakula wali wa baridi peke yake.

Na mwiko mkubwa ulikuwa huu: meneja hamwambii mtu kabla. Si mkewe, si mama yake. Akimnong'oneza mmoja, wengine watasema kikao kimepangwa. Baba aliushika mwiko ule kwa mikono miwili, masikini ya Mungu.

Usidhani waamuzi wale walikuwa mabingwa. Bibi alimkataa winga wa Lewisham kwa kuwa anatafuna huku mdomo wazi, na yule winga ndiye aliyetubeba msimu mzima. Akamsifia beki mmoja kwa adabu zake, na beki huyo akajifunga mwenyewe mechi ya kwanza. "Adabu anayo," bibi akasema, hata aibu hana. Lakini baba hakuthubutu kugusa sahani kabla ya neno lake.

Mwaka ninaousema, maneno yalikuwa mengi. Kipa wetu alikuwa amehamia mji mwingine, na sufuria letu kubwa, lile tulilopikia chakula cha timu, lilikuwa limetoboka. Zaidi ya hayo, wachezaji walikuwa wakimsengenya baba kwamba anapendelea. Mdogo wake anachelewa na bado anapangwa, hii ni timu ya ndugu. Baba aliyasikia maneno hayo, na yalimuuma kuliko kufungwa.

Siku ya kikao jua lilikuwa kali, mlango wa nyuma uko wazi, ndege zinapita mpaka watu wanakatisha sentensi katikati. Baba akaanza na mambo mepesi. Beki wa kushoto tumemwachia aende Lewisham, wametupa nyavu.

"Afadhali," jirani akasema. "Yule alikuwa anakula kuliko anavyokimbia."

Watu wakacheka. Baba akajikohoza. "Tumepata kipa, kutoka Hounslow." Makofi. "Na sufuria kubwa la kupikia." Hapo vigelegele, maana waliopika ndio wenye sauti.

Mama akauliza, "Na wao umewapa nani?"

Ndege ikapita. Sote tulingoja iishe kupita. Baba akasema, "Nimewapa mshambuliaji."

Mshambuliaji tulikuwa naye mmoja tu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, tonge la pilau liko njiani kwenda mdomoni. Akalirudisha sahanini taratibu.

"Yaani," bibi akasema, "mimi nizae mtoto, wewe ukambadilishe kwa chombo cha jikoni?"

"Na kipa, mama."

"Kipa nimemzaa mimi?"

Jirani akatikisa kichwa. "Mimi nimekaa dukani tangu Mwanza. Sijaona mtu anatoa cha nyumbani bila kuuliza nyumbani. Pole, lakini hapana."

Baba akajitetea. Akasema bila kipa hakuna timu. Akasema wote walitaka haki, basi hii ndiyo haki, ameanzia kwa damu yake mwenyewe. Nikimkumbuka sasa naona alikuwa akingoja sifa. Alidhani amefanya jambo kubwa.

Baba mdogo akainuka, akanawa mikono kwenye sinki, akajifuta. "Kaka," akasema, sauti ya chini kabisa, "asubuhi si tulikuwa wote hapa? Nilikuwa nakumenyea vitunguu. Ungeniambia pale."

"Mwiko wa kikao..."

"Haya. Kikao kimesikia." Kisha akatabasamu, na akasema neno ambalo watu waliliona mzaha. "Hilo sufuria likija, liiteni Mshambuliaji, msije mkanisahau."

Tulicheka. Hata mimi nilicheka. Wiki haikuisha akawa amefungasha nguo zake kuhamia Hounslow, na chumba cha juu kikawa cha kuanikia jezi. Nililia mpaka bibi akanipa ukoko wote peke yangu, na sikuumaliza.

Sahani ya baba ilibaki juu ya friji siku ile. Sikumbuki kama aliila.

Sufuria likaja, pana, zito, mfuniko umebonyea upande mmoja, na jina likalishika kweli. "Nioshee Mshambuliaji." "Mshambuliaji yuko motoni, usimguse." Kipa naye akaja, kijana mpole, mrefu, aliyesalimia vizuri kuliko alivyodaka. Ikafika siku ya kucheza na Hounslow. Baba mdogo alifunga, akafunga tena, na mara zote mbili aligeuka akatembea kurudi katikati, kichwa chini. Bibi alikuwa amekishika kikombe tayari. Akaimwaga chai nyasini.

Desturi yetu ilikuwa mechi ikiisha timu zote mbili zinakula pamoja pembeni ya uwanja. Mama akafunua sufuria, mvuke ukapanda. Baba mdogo akaja na sahani mkononi, akauliza, "Kimepikwa kwenye nini?" Mama hakuweza kumdanganya. Baba mdogo akairudisha sahani, akaomba chai, akainywa amesimama.

Tangu hapo ikawa hivyo. Idi, harusi, hata kuhitimu kwangu unesi. Anakuja, "Shikamoo kaka," ananiletea pipi hata nilipokuwa mtu mzima, anauliza chakula kimepikwa kwenye nini, na kikiwa cha sufuria lile hagusi. Watu walifanya kichekesho. Baba hakucheka hata mara moja. Niliwahi kumsikia akimwambia mama, "Kile kikao hakijafungwa."

Bibi alirudi Tanga akafia huko, roho yake haijatulia juu ya wanawe. Jirani aliuza duka akahama. Mama naye alitutoka, Mungu amrehemu. Timu haikuvunjwa na mtu, ilipukutika yenyewe: huyu kapata zamu za Jumapili, yule mgongo umemkataa, mwingine kahamia mbali. Baba akabaki na nyumba, filimbi na sufuria.

Sasa miguu imemchoka, na tumekubaliana ahamie kwangu Lewisham. Jumamosi moja baada ya yale machozi ya usajili nikaenda na mwanangu kufungasha. Mtoto hakungoja hata kuvua viatu. Akamuuliza babu yake kwa Kiingereza kama ni kweli alimtoa mdogo wake kwa sufuria. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Baba alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia. Akanigeukia mimi. "Mpigie. Mwambie naitisha kikao."

Nikapiga. "Shikamoo, baba mdogo. Baba anaitisha kikao." Akauliza, "Kimepikwa kwenye nini?" Nilikuwa bado sijapika. Ningeweza kumdanganya, ningeweza kutumia chungu chochote. Nikamwambia kwenye Mshambuliaji. "Nakuja," akasema.

Alifika anachechemea, goti moja limefungwa bandeji. Nilikuwa nimepika ubwabwa na maharage ya nazi. Baba, ambaye kusimama sasa ni kazi, alisimama karibu na friji, ameishikilia kwa mkono mmoja. Sahani yake nimeifunika, iko juu.

"Nilitoa mshambuliaji," akasema, "nikapata kipa na sufuria. Naomba mnichambue."

Baba mdogo akatazama jikoni. "Aliyepika nani?"

"Mimi," nikasema.

"Basi mwenye sauti ni wewe."

Sikuwa nimefikiria hilo. Wote wananitazama, na mwanangu ananitazama. Nikasema yaliyokuja. Kwamba kipa alikuwa mbovu. Kwamba sufuria limetulisha vizuri, sitalisingizia. "Lakini tangu siku ile nimekwangua ukoko peke yangu. Ulikuwa usajili mbaya, baba."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akamtazama mdogo wake. "Nilitakiwa nikuambie hapa, wakati wa vitunguu."

"Ndiyo," baba mdogo akasema. "Wakati wa vitunguu." Akajikuna kidevu. Kisha akanyoosha mkono juu ya friji. "Mteremshieni," akasema, na mwenye kuiteremsha ni yeye. Baba akaipokea sahani akilia wazi wazi, hakujificha. Tukala. Baba mdogo akapakua mwenyewe, akaongeza, na ubwabwa ulipokwisha akashuka sakafuni na goti lake bovu, akampa mwanangu kijiko, na kumwambia kuwa ukoko wa upande wa kulia ni wa watu warefu.

Baba mdogo alipotaka kuondoka, baba alimlazimisha achukue sufuria, alirudishe kwa watu wa Hounslow. Hounslow yenyewe timu ilishakufa, ila akalichukua. Tulimsindikiza kituoni. Pale nyuma ya maghala palipokuwa na uwanja kuna magorofa ya kupangisha, vizimba vya baiskeli, na mti mmoja uliofungiwa waya. Nilitafuta mahali tulipokuwa tukikaa na bibi, nikapakosa. Basi likaja, akapanda akiwa amelikumbatia sufuria lake, akakaa dirishani, akatupungia kwa mfuniko.

Tuliporudi ndani mwanangu alikuwa anapiga hesabu zake. Akamwendea babu yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauliza kwa Kiswahili, neno moja moja: "Babu, sufuria limerudi. Kwa hiyo yeye, wetu tena?"

"Wetu," baba akasema, akiikunja jezi moja ya zamani tuliyoikuta nyuma ya hita. "Ila magoti yamekwisha, mjukuu wangu, na timu haipo."